Dawa ya Magoti

Kama una gari ya dizeli yenye tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, na ukweni kwako ni Lushoto, pole. Kutoka Mombo ni kilomita 30 na ushei za kona na mlima mtupu, na gari yangu ikikaribia Soni inatapika maji. Mpira wa rejeta unakakamaa, kopo la akiba linatokota, na mama mkwe kiti cha nyuma anaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti.

Fundi wangu wa Ngamiani, hapa Tanga, alisema aliyekuwa nayo kabla yangu aliipandisha presha ya tabo, sasa ikibeba mzigo mlimani, hedi, kifuniko cha juu cha injini, inanyanyuka na gasketi inayoziba chini yake inapitisha moshi kwenye maji. Bolti za kiwandani zinazoshika hedi unazikaza kwa kipimo, halafu robo mzunguko, halafu robo tena, hadi zivutike. Zikishavutika hivyo si za kurudia. Akataka stadi, fimbo za chuma zenye thredi juu na chini. Stadi inaingia kwenye bloku, mwili wa injini, kwa mkono tu, kazi ya kukaza inafanywa na nati juu yake, kwa hiyo chuma kinavutwa wima bila kusokotwa.

Basi zikaagizwa. Mzigo ulifika nyumbani Chumbageni mimi nikiwa kazini, na siku hizo mama mkwe alikuwa kwetu, ameshuka kutibiwa magoti. Ndani ya boksi: stadi, nati, washa, na kitubu cha grisi. Mjukuu wake wa darasa la nne akakisoma Kizungu chote kwa ufasaha, asielewe kitu, akatoa uamuzi: “Bibi, ni ya kupaka.”

Kwa kweli, hakukosea.

Siku ya kufunga, hedi imesharudi kukwanguliwa, matundu ya bloku yamepulizwa upepo yakakauka (yakibaki na maji au mafuta, ukikaza unaweza kuipasua bloku), fundi akafungua boksi. “Bosi, grisi iko wapi?”

“Si upake oili yoyote?”

Akanitazama kwa huruma. Kipimo cha spana ya toki, ile inayolia nguvu ya kukaza ikitimia, kilichoandikwa kwenye karatasi kinaendana na grisi ile ile. Ukifunga kavu, spana inalia “ka!” wakati stadi haijavutika inavyotakiwa, unaondoka ukidhani umekaza. Kijana wake wa gereji akapekuliwa mifuko, masikini, akaapa kwa Mungu mara tatu. Nikampigia mke wangu.

“Ngoja nimuulize mama.” Kimya. Kisha kicheko kirefu. “Ipo. Ipo magotini.”

Nilimkuta barazani, miguu kainyoosha, magoti meusi yanang’aa, kitubu kimekunjwa toka chini.

“Mwanangu, hii dawa Mungu akulipe. Jana nimelala fofofo.”

Sasa niambie, ni mkwe gani atamwambia mama yake hiyo ni grisi ya injini? Nikasema daktari anaihitaji kidogo.

“Daktari wa wapi?”

“Wa... Ngamiani.”

“Basi twende wote, anione.”

Fundi alimpa shikamoo, akachuchumaa, akayakagua magoti bila kucheka. Yule mtu ana adabu za Kitanga mpaka zinatisha. “Mama, umezidisha dozi. Hii inapakwa kwenye thredi na chini ya nati tu.” Mama mkwe akaitikia kwa heshima zote.

Kilichobaki kiligawiwa kwa njiti ya kiberiti. Nati za mwisho zilipofika, nilimwona fundi akiyatazama yale magoti kwa uchu, nikamkohoa. Ikatosha, tena kwa shida. Akakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, raundi tatu, na kila spana ilipolia mama mkwe, kaketi juu ya tairi, alisogeza punje moja ya tasbihi.

Safari ya Lushoto iliyofuata mshale wa joto haukuvuka katikati. Soni tukaipita, hakuna aliyesoma kitu.

“Umeona?” mama mkwe akasema. “Dawa moja, gari imepona na mimi nimepona. Agiza nyingine, na mara hii usiniletee kichupa cha watoto.”

Nilipoingiza gari uani, dada zake watatu walikuwa wameshajipanga barazani, kanga wamezipandisha juu ya magoti.