Padre Van Breda na miswada ya Husserl

Tunapofundisha historia ya falsafa tumezoea kuwapima watu kwa vitabu walivyoandika, na yule asiye na kitabu kikubwa cha jina lake huachwa nje hata kama bila yeye vitabu vya wengine visingesomeka. Kwa maoni yangu, mazoea hayo yanamdhulumu Padre Herman Leo Van Breda, mtawa Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Leuven na kufariki mwaka 1974. Aliandika machache. Hata hivyo, sioni namna ya kueleza falsafa ya Ulaya ya karne ya 20 bila kumtaja.

Alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Lier, akajiunga na Shirika la Ndugu Wadogo, yaani Wafransisko, akiwa kijana, akapewa daraja ya upadre mwaka 1934, kisha wakubwa wake wakampeleka Leuven kusomea falsafa. Alipofikia hatua ya kuandika tasnifu ya udaktari alichagua kumchunguza Edmund Husserl, mwanzilishi wa fenomenolojia, yaani ile njia ya kufikiri inayotaka tueleze kwa uangalifu jinsi mambo yanavyojidhihirisha katika fahamu zetu kabla ya kukimbilia kuyatolea nadharia. Husserl alikuwa Mjerumani wa asili ya Kiyahudi, aliyebatizwa katika Kanisa la Kilutheri tangu ujanani, lakini ubatizo huo haukumkinga na sheria za Wanazi, ambao walimfungia milango ya chuo kikuu chake cha Freiburg. Alifariki Aprili 1938.

Miezi michache baadaye, mwezi Agosti, Van Breda alifika Freiburg akiwa na miaka 27, akitarajia kusoma karatasi kadhaa ambazo hazikuwa zimechapishwa. Mjane wa marehemu, Mama Malvine Husserl, alimwonyesha kurasa zipatazo 40,000, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi za kuandikia haraka, ya mtindo wa Gabelsberger, ambayo hata Wajerumani wengi waliosoma wasingeweza kuifumbua. Wasaidizi wawili wa Husserl, Eugen Fink na Ludwig Landgrebe, walikuwa miongoni mwa wachache waliomudu kuisoma. Kwa hiyo hatari ilikuwa mara mbili: karatasi zingeweza kuchomwa moto, na hata zikinusurika zingeweza kubaki bubu endapo wasomaji wake wangetawanyika.

Hapo ndipo mwanafunzi aliyekuja kutafuta maandishi ya tasnifu yake alipobadili shabaha ya safari. Wazo mojawapo lilikuwa kuipitisha miswada Uswisi kupitia Konstanz, na mtawa Mbenediktini, Sista Adelgundis Jaegerschmid, aliyekuwa rafiki wa familia ya Husserl, aliisafirisha hadi mji huo wa mpakani. Masista wa huko wakaona hatari ni kubwa mno, na mzigo ukarudi. Mwezi Septemba, wakati Ulaya nzima ikihofia kwamba vita vitazuka kwa sababu ya Chekoslovakia, Van Breda alipanda treni kwenda Berlin na masanduku matatu mazito, akayakabidhi katika ubalozi wa Ubelgiji ili yasafirishwe kama mzigo wa kidiplomasia ambao maofisa wa forodha hawakuruhusiwa kuufungua. Kabla ya mwaka kwisha, miswada ilikuwa Leuven.

Wengi humaliza simulizi hapa, na mimi naona hapa ndipo kazi ngumu inapoanza. Fink na Landgrebe waliitwa Leuven wakaanza kunakili hatimkato kwa maandishi ya kawaida, lakini Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji Mei 1940 kazi yao ilikatizwa. Mama Malvine, ambaye alikuwa amekimbilia Ubelgiji, aliishi miaka ya vita amefichwa katika nyumba ya watawa huko Herent, karibu na Leuven, hadi alipoweza kuwafuata watoto wake Marekani mwaka 1946. Stephan Strasser, mzaliwa wa Vienna mwenye asili ya Kiyahudi, naye alifichwa, na katika maficho hayo akaendelea kunakili kurasa za Husserl. Mwaka 1950, juzuu ya kwanza ya maandishi kamili ya Husserl ilipotoka kwa jina la Husserliana, mhariri wake alikuwa ni Strasser huyohuyo. Mfululizo huo leo umepita juzuu 40.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya mkutubi, tena ya mkutubi jasiri, lakini si falsafa. Sikubaliani nao. Kuamua kwamba mawazo ya mtu yanastahili kuokolewa, wakati dola lenye nguvu limeamua kwamba hayastahili, ni hukumu inayohitaji kuyaelewa mawazo yenyewe. Tena Van Breda hakuwa akiokoa mali ya nyumbani kwao. Taasisi ya falsafa ya Leuven iliasisiwa mwaka 1889 ili kufufua fikra za Mtakatifu Thoma wa Akwino, na Husserl alikuwa mbali na fikra hizo. Ilibidi padre huyu kijana awashawishi wakuu wake wafungulie milango falsafa isiyokuwa yao, na kwa sifa yao walikubali. Mtu aliyeweka nadhiri ya ufukara, asiyemiliki kitu, alipewa dhamana ya hazina ya mwingine na akaifungua kwa wote: mwanafalsafa Maurice Merleau-Ponty alifika kutoka Ufaransa mapema mwaka 1939, na yale aliyoyasoma Leuven yanaonekana wazi katika kazi zake zilizofuata.

Kwetu Afrika Mfransisko wa Ubelgiji anayetajwa katika madarasa ya falsafa ni Placide Tempels, mzaliwa wa Berlaar, jirani kabisa na Lier, aliyefanya umisionari Katanga na kuandika kuhusu falsafa ya Wabantu mwaka 1945. Tempels anastahili mjadala wote anaoupata. Ninachosikitikia ni kwamba ndugu yake wa shirika hatajwi, ilhali waseminari wetu humsoma Husserl, na humheshimu zaidi Edith Stein, msaidizi wa zamani wa Husserl aliyekuwa mtawa Mkarmeli, akauawa Auschwitz mwaka 1942 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1998. Karatasi za Stein nazo zilipotawanyika katika magofu ya konventi moja huko Uholanzi mwishoni mwa vita, Van Breda alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuziokota.

Ningependa basi kila mwalimu wa falsafa katika seminari na vyuo vyetu, kabla ya kumfikia Husserl, atenge kipindi kimoja cha kueleza jinsi kurasa hizo zilivyotoka Freiburg, na awataje kwa majina Sista Adelgundis, Strasser na Van Breda.