Siku Mzee wa Spea Aliposoma Komiti Zetu

Mdosi wetu haamini kazi ambayo mteja haioni. Nilipomaliza kuweka ripo ya Git, yaani ghala la msimbo linalokumbuka kila badiliko, pale ofisini Ngara, Nairobi, hakuuliza kama inafanya kazi. Aliuliza, "Sasa mteja atajuaje kwamba hatulali?"

Kabla ya hapo msimbo wetu ulikuwa ukisafiri kwa flashi. Kulikuwa na folda iliyoitwa MWISHO, nyingine MWISHO KABISA, na moja YA BOSI USIGUSE, ambayo kila mtu aliigusa. Basi nikapewa kompyuta kuukuu iliyonunuliwa Luthuli Avenue, nikaiwekea Linux, kila mtu akaniletea ufunguo wake wa SSH wa kuingilia kwa mbali, nikaunda ripo ya pamoja. Ukiiunda kwa chaguo la --shared, Git yenyewe hukuwekea kizuizi: hakuna anayeweza kubandika historia mpya kwa nguvu juu ya ile ya wenzake. Nilikipenda kizuizi hicho kuliko kitu chochote kwenye mashine ile. Hakikudumu.

Nikaongeza na kijiprogramu kinachoamka kila mtu anapopushi, yaani anapotuma kazi yake kwenye ripo. Kazi yake ni kuzisoma komiti mpya, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa pamoja na ujumbe wake, moja moja na kuitumia timu barua pepe kwa kila komiti: nani, lini, amebadilisha nini, ameandika ujumbe gani. Wapokeaji wameorodheshwa kwenye faili ndogo. Mdosi ana ruhusa zote, maana ni mdosi. Jioni fulani, baada ya sisi kwenda nyumbani, orodha ikaota mstari mmoja zaidi.

Mstari huo ulikuwa anwani ya mteja wetu, mzee mwenye maduka ya spea Kirinyaga Road, ambaye tulikuwa tunamtengenezea mfumo wa stoo na risiti.

Sasa, mtengenezaji programu huandika ujumbe wa komiti kama mtu aliye peke yake bafuni. Tusilaumiwe sana. Git yenyewe iliandikwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, ambaye mwaka 2018 aliomba radhi hadharani kwa ukali wa barua zake kwa wenzake. Chombo kina damu ya mwenyewe.

Bingwa wetu wa mambo hayo ni kijana wa Kitengela. Anafanyia kazi nyumbani kwa sababu ya nauli, na kwa kuwa Git haihitaji mtandao ili ukomiti, yeye hukomiti kila akimaliza kikombe cha chai, na hupushi siku akikumbuka. Siku aliyokumbuka ilikuwa Jumatatu. Alikuja na laptopu, akachomeka waya, akapushi komiti zaidi ya mia mbili kwa mkupuo, kisha akaenda kutafuta mandazi.

Nilikuwa nimekaa karibu na seva, ile kompyuta kuukuu. Kile kitaa chake chekundu, ambacho kwa kawaida hupepesa kivivu, kilianza kuwaka mfululizo. Kisha simu ya mdosi ikaanza kulia mle ofisini mwake. Ting. Ting. Ting-ting-ting. Akatoka ameishika mbali na mwili.

"Hii ni nini?"

"Barua za komiti, bosi."

Akasoma kwa sauti, polepole. "‘Nembo isogee kushoto.’ Sawa. ‘Nembo irudi kulia, mzee ameamka.’ ‘Nembo kushoto tena. Nimeokoka, lakini si sana.’ ‘Kijani imetolewa, mzee anasema inamkumbusha shemeji yake.’ ‘Sasa ni bluu. Mungu saidia.’" Akanyanyua macho. "Hizi zinaenda kwa nani?"

"Walio kwenye orodha tu. Ni sisi wenyewe. Mzee hayumo."

Mdosi alikaa kimya kidogo.

"Yumo," akasema.

Sijawahi kumwona mtu wa kilo zake akiruka meza. Aling'oa waya wa stima ukutani, seva ikazima, feni ikazunguka zunguka ikanyamaza. "Tumewahi," akasema, anahema.

Hatukuwa tumewahi. Barua ambazo hazijatoka hukaa kwenye foleni, na foleni hukaa kwenye diski. Waliotunga programu za barua walijua kwamba stima hupotea na kurudi, utadhani walikulia Eastlands. Nilimwambia mdosi asiiguse mashine hadi niisafishe foleni, lakini kwanza niende nikapate chapati madondo, maana ilikuwa saa saba. Huku nyuma akataka kuchapisha kotesheni. Printa imeunganishwa na mashine ile ile. Akarudisha waya mwenyewe, kwa mkono wake. Niliporudi nikinyonya meno, kitaa chekundu kilikuwa kinamalizia zilizobaki.

"Zifute," akasema.

"Zimeshafika kwake, bosi."

"Zifute huko kwenye historia. Akija kuuliza, tumwambie ni virusi."

Nikamweleza kwamba kila komiti ina kitambulisho cha herufi na tarakimu 40, kinachokokotolewa kutokana na yaliyomo, ujumbe wake, na kitambulisho cha komiti iliyoitangulia. Ukibadilisha neno moja kule mwanzoni, vitambulisho vyote vinavyofuata vinabadilika, na kila mtu hapa ana nakala ya historia yote.

"Kwa hiyo inawezekana?"

"Inawezekana, lakini..."

"Inawezekana."

Nikakiondoa kizuizi changu kipenzi. Nikakilaza kijiprogramu cha barua. Mimi na kijana wa Kitengela tukakesha tukisafisha lugha: "mzee ameamka" ikawa "kulingana na maelekezo ya mteja", na "Mungu saidia" ikawa "rangi ya bluu imewekwa". Tukapushi kwa nguvu, nikakiamsha kijiprogramu, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp: kila mtu afute nakala yake kabisa, achukue mpya. Wote walijibu kwa kidole gumba. Dada wa usanifu aliweka chake akiwa kwenye matatu, akashuka, akasahau.

Asubuhi akavuta yaliyo kwenye seva, akiwa bado na historia ya zamani. Tulikuwa tumebadilisha maneno tu, si msimbo, kwa hiyo Git haikuona ugomvi wowote. Iliziunganisha historia mbili kwa amani kabisa. Akapushi. Kijiprogramu kikaangalia: komiti hizi hazimo kwenye historia ya seva, basi ni mpya. Kikazituma zote. Yaani mzee alipata matusi mara mbili. Zile safi hakuwahi kuziona hata moja.

Alikuja mwenyewe siku iliyofuata, amevaa kofia, na bahasha ya kaki kwapani. Mdosi akaagiza soda kabla hajaketi. Mzee akatoa karatasi alizochapishiwa saiba, zimebanwa pini, zimepigwa mistari kwa kalamu ya manjano.

"Kijana," akaniambia, sijui kwa nini mimi, "nimeuza spea kwa makanika tangu nikiwa na nywele. Haya matusi yenu ni ya chekechea. Hayo nimeyaacha." Akalamba kidole, akafunua. "Lakini hebu nisomee hapa kwenye manjano."

Nikasoma. "VAT inatozwa mara mbili kwenye bidhaa zenye punguzo. Bosi amesema tumwonyeshe hivyo hivyo, mzee hataona."

"Mzee ameona," akasema. "Na kwa kuwa mmeituma mara mbili, ameona mara mbili."

Mdosi aligeuka kuangalia kalenda ya ukutani kama anatafuta sikukuu. Asilimia 16 ni pesa, na asilimia 16 mara mbili ni kesi. Hitilafu ilirekebishwa siku ile ile, na ankara yetu ikakonda palepale mezani, mzee mwenyewe akiishika kalamu.

Nilimwahidi kwamba ningemtoa kwenye orodha kabla hajafika kwenye ngazi. Akakataa katakata. Alisema hizo ndizo ripoti za kwanza za kweli alizopata tangu alipe amana.

Siku hizi komiti zetu zinasomeka kama risala ya harusi. Kijana wa Kitengela huandika "kwa heshima na taadhima, kitufe kimesogezwa". Na mzee ameshang'amua zile tarakimu zinazokaa juu ya kila ujumbe ni za nini, jambo ambalo mdosi hadi leo hajalielewa. Jumamosi alinipigia simu, nyuma yake nasikia nyundo na vyuma.

"Kijana, ile rangi ya tatu-f-tisa-c-sifuri-a-mbili, nirudishie."

Nikaitafuta. "Hiyo ni kijani, Mzee."

"Najua ni kijani."

"Na shemeji?" Ilinitoka kabla sijaizuia.

"Tumepatana," akasema, akakata simu.