Kichaa cha mbwa: tumchanje aliyeng'atwa au mbwa?

Fedha za halmashauri zikibana, mjadala wa kichaa cha mbwa huwa ule ule. Upande wa afya unataka chanjo za binadamu zijazwe kwenye vituo. Upande wa mifugo unaomba mafuta ya pikipiki na chanjo za mbwa. Kwa kawaida afya hushinda, na si kwa hila. Aliyeng'atwa leo hawezi kuambiwa asubiri kampeni ya mwezi wa tisa. Dalili zikishaanza, iwe ni kuogopa maji, kuweweseka au kushindwa kumeza, karibu kila mgonjwa hufa.

Matibabu yenyewe yanajulikana. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15, kisha mtu apewe chanjo. Hapo pana gharama moja ambayo vituo vingeweza kuipunguza. Ukichoma kwenye msuli, kila hudhurio humaliza kichupa kizima, na mahudhurio ni manne au zaidi. Ukichoma ndani ya ngozi, unaweka mililita 0.1 sehemu mbili, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Wauguzi wa vijijini huikwepa njia hii kwa sababu kichupa kikishafunguliwa kinatakiwa kiishe ndani ya saa 6 hadi 8, na mgonjwa wa pili huenda asitokee. Wanaona dawa inamwagwa. Lakini hebu tuhesabu: hata mgonjwa akija peke yake mara zote tatu na kila mara mabaki yakatupwa, vimetumika vichupa 3, dhidi ya 4 vya msuli. Wakija wawili siku moja, kichupa kimoja cha nusu mililita kinawatosha wote.

Kwa hiyo hoja ya afya ina uzito, na inaweza kutekelezwa kwa gharama ndogo kuliko ilivyo sasa. Upungufu wake ni kwamba unaweza kumtibu kila aliyeng'atwa kwa miaka 20 na idadi ya mbwa wenye virusi isipungue hata mmoja. Binadamu si sehemu ya mzunguko wa ugonjwa huu. Kwake virusi hufika mwisho wa safari. Duniani, vifo hukadiriwa kuwa 59,000 kwa mwaka, na karibu vyote, asilimia 99, chanzo chake ni mbwa.

Upande wa mbwa ndio usioeleweka vizuri, na tatizo linaanzia kwenye tarakimu moja. Utafiti wa miaka mingi katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, uliofuatilia nani alimng'ata nani, ulionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza wastani wa mbwa 1.1 hadi 1.2 tu. Linganisha na surua, ambayo mgonjwa mmoja hutajwa kuambukiza watu 12 hadi 18 mahali pasipo na chanjo. Wengi wa mbwa wenye kichaa hufa bila kumwambukiza yeyote. Wachache hukimbia vijiji viwili vitatu waking'ata kila kilicho mbele yao.

Kwenye karatasi basi, ukichanja mbwa 17 kati ya 100, mzunguko wenye wastani wa 1.2 unapaswa kukatika. Mbona tunaambiwa 70? Hapa ndipo wahasibu huhisi wanapigwa bei. Jibu liko kwenye maisha mafupi ya mbwa wa kijijini. Tuseme 40 kati ya 100 wanakufa ndani ya mwaka na nafasi zao zinachukuliwa na watoto ambao hawajachanjwa. Ukianza na 70, mwaka ukiisha umebakiwa na 42. Ukianza na 25 kwa sababu fedha ziliishia njiani, umebakiwa na 15, na moto unawaka upya. Zaidi ya hapo, virusi haviishi kwenye wastani wa wilaya. Kata tisa zikifika asilimia 80 na ya kumi ikasahauliwa kwa sababu mto ulifurika, ripoti itapendeza, lakini ugonjwa utajificha kwenye ile ya kumi.

Kampeni huharibika kwa mambo madogo. La kwanza ni ada: mwenye mbwa akitozwa hata kiasi kidogo, mahudhurio huporomoka. La pili ni watoto wa mbwa. Mchanjaji huwarudisha kwa kusema hawajafika miezi mitatu, ilhali ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuchanja mbwa wote, wadogo kwa wakubwa. Ukiwaacha, umeacha kundi lile lile litakaloshusha hesabu mwakani. La tatu ni friji, ambayo husingiziwa zaidi ya inavyostahili. Majaribio yaliyofanywa Tanzania yalionyesha kuwa chanjo ya Nobivac iliyokaa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, au miezi 3 kwenye 30, bado iliwapa mbwa kinga. Kuwapiga mbwa risasi hata hakustahili mjadala: nafasi iliyoachwa hujazwa na watoto wasio na kinga, na mara nyingi waliouawa ni wale wale waliochanjwa jana.

Pemba imeonyesha yote mawili, mafanikio na udhaifu wake. Kampeni za kisiwa kizima ziliufuta ugonjwa kufikia 2014. Mwaka 2016 ukarudi kutoka nje, ukahitaji chanjo upya hadi ukakatika tena 2018.

Hoja kali zaidi ya wapinzani haihusu gharama ya chanjo. Wanasema: hata mkichanja mbwa wote, watu wataendelea kung'atwa na mbwa wazima na kudai sindano, hivyo bili ya hospitali haitashuka. Ni kweli, na anayeikana hajakaa kwenye chumba cha sindano. Itashuka tu kama kila kung'atwa kutachunguzwa: muuguzi anampigia afisa mifugo, afisa anamtafuta mbwa, na mbwa aliye mzima anaangaliwa siku 10. Chanjo inaanza siku ile ile bila kumngoja mbwa. Siku 10 zikipita naye bado yu hai, dozi zilizobaki, kama zipo, zinasitishwa. Mbwa aliyekufa anachukuliwa sampuli ya ubongo, ambayo huweza kupatikana kupitia tundu la kisogo bila kupasua fuvu.

Shida ya mpango huu ni ya kiuhasibu: mafuta ya pikipiki hulipwa na idara ya mifugo, na sindano zilizookolewa huonekana kwenye vitabu vya afya.