Uzito wa Moshi Hautoshi, Tuhesabu na Chembe

Vifaa vidogo vya kupima hewa vimeanza kuonekana mijini kwetu, na vingi vinatoa jibu la aina moja: mikrogramu kadhaa za chembe kwa mita ya ujazo ya hewa. Watu wanaisoma namba, kisha wanaendelea kupika. Siwalaumu. Mikrogramu ni gramu iliyogawanywa mara milioni, na nani amewahi kushika kitu chepesi hivyo? Kwangu mimi namba hiyo ikiachwa ilivyo inawalaza watu usingizi, na dawa yake ni hesabu ya kubadili vipimo ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza.

Chukua chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 22.5. Jiko la mkaa linawaka koridoni, mlango uko wazi, kifaa kinasoma 100. Zidisha: mikrogramu 2,250, yaani miligramu 2.25 za chembe za moshi kwa chumba kizima. Zikikusanywa zote pamoja, uzito wake ni wa punje kama 40 tu za chumvi laini. Anayeishia hapo atasema si kitu.

Sasa tugeuze uzito uwe idadi. Tuchukulie kila chembe ni ya mviringo kama mpira na ina densiti (uzito kwa ujazo) ya maji. Tutaipima kwa mikromita, yaani sehemu moja ya milioni ya mita. Hapo hesabu inakuwa nyepesi, kwa sababu mikromita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa pikogramu 1, na mikrogramu 1 ni pikogramu milioni 1. Chembe yenye kipenyo cha mikromita 2.5, ule mpaka wa juu wa PM2.5 (chembe laini ambazo vifaa hivi hupima), ina uzito wa pikogramu kama 8.2. Gawanya pikogramu milioni 100 kwa 8.2: chembe milioni 12 katika kila mita ya ujazo. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni kama nusu lita, sehemu moja ya 2,000 ya mita ya ujazo. Kwa hiyo kila pumzi inaingiza chembe kama 6,000.

Na hapo nimependelea moshi. Chembe za moto mara nyingi ni ndogo kuliko mikromita 1. Weka kipenyo cha mikromita 0.25, mara kumi pungufu. Ujazo unapungua mara elfu, maana ujazo hufuata kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo: 10 × 10 × 10. Uzito kwenye kioo cha kifaa ni ule ule 100, ila chembe sasa ni bilioni 12 kwa mita ya ujazo, na milioni 6 kwa pumzi. Namba haikutikisika hata kidogo, wakati idadi ya chembe zinazoingia kifuani imeongezeka mara elfu. Na hizi ndogo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, kwenye vifuko vya hewa.

Wanaotengeneza dawa za sindano hawategemei uzito peke yake. Vyumba vyao hupimwa kwa kuhesabu chembe: daraja la 5 la ISO 14644-1, kiwango cha kimataifa cha usafi wa hewa ya vyumba hivyo, linaruhusu chembe 3,520 tu za mikromita 0.5 au zaidi kwa mita ya ujazo. Zamani Marekani waliliita daraja la 100, kwa maana ya chembe 100 kwa futi ya ujazo. Mita moja ya ujazo ina futi za ujazo 35.3, hivyo ni kipimo kimoja kwa majina mawili.

Ni kweli makadirio yangu yana mipaka. Masizi si mviringo, densiti yake si ya maji, na moshi halisi una chembe za saizi nyingi kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani nalo lina sababu ya kuweka kikomo chake kwa uzito, wastani wa mikrogramu 15 za PM2.5 kwa mita ya ujazo ndani ya saa 24, tangu 2021, kwa kuwa tafiti nyingi za magonjwa zilipima hivyo. Kikomo hicho kibaki. Ninachodai ni kwamba anayemwonyesha mama lishe au mpangaji ile 100 amfanyie pia hesabu ya pumzi moja, tena papo hapo jikoni, aseme na saizi ya chembe aliyoitumia. Vifaa vingi vya bei nafuu tayari vinakadiria idadi ya chembe katika desilita moja ya hewa. Zidisha kwa 5 tu, umepata pumzi.