Cain kanikosha, ila kamdhulumu Cora

The Postman Always Rings Twice, riwaya ya James M. Cain ya mwaka 1934, niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam. Cha kuchekesha, jina linamtaja mpeleka barua, lakini ndani hamna hata mmoja. Ni kijitabu chembamba ambacho usiku mmoja unakimaliza.

Frank, mzururaji asiye na mbele wala nyuma, anaingia mgahawa wa kando ya barabara huko California. Mwenye mgahawa ni Mgiriki, Nick. Mkewe ni Cora. Hapo tu umeshajua Nick hana siku nyingi.

Anayetafuta ya chumbani ataambulia patupu. Boston walikipiga marufuku, lakini Cain anakupa busu lenye meno na damu, anafunga sura. Joto lenyewe liko kwenye kutaka kusikolingana. Cora alitoka Iowa na ushindi wake wa urembo, akafika Hollywood, akaishia kubeba sahani. Anamtaka Frank, na mgahawa anautaka. Frank anataka barabara. Ufa huo upo kabla damu haijamwagika, ndiyo maana mapenzi yao nayaamini kuliko ya wale wapelelezi wetu wa riwaya pendwa, kila sura na mrembo wake.

Jaribio la kwanza la kumuua Nick linaharibiwa na paka aliyekanyaga nyaya za umeme. La pili ni usiku, kwenye gari, milimani. Nick kalewa, anaimba dirishani asikie mwangwi wa sauti yake. Anapandisha sauti, Frank anampiga kichwani. Kimya. Halafu mwangwi unarudi, unaimba vilevile alivyoimba mtu ambaye tayari ni maiti. Nilikiweka kitabu chini kidogo.

Baada ya hapo kinalegea. Wanashtakiwa, na wakili wao Katz anacheza na kampuni za bima, nani alipe nini ili nani aponee, na mimi hesabu hizo nimezisoma mara mbili bado sijazishika. Kilichoniokoa ni pale Frank anaposaini karatasi ya kumchongea Cora, na Cora naye akija kujua anamlipukia. Tangu siku hiyo wanalala kitanda kimoja, kila mmoja akimvizia mwenzake. Kuna na mwanamke mfuga paka wakubwa wa porini anayeingia na kutoka; angebaki kwao.

Kinachoniuma ni kwamba Cora tunamwona kwa macho ya Frank tu: midomo, mwili, hasira. Wakati mwenye akili pale ni yeye. Kesi ikiisha anapanga meza chini ya miti, anauza bia, biashara inashika. Ningelipa tena bei ile ile ya Posta kwa ukurasa mmoja wa Cora peke yake, anahesabu mauzo ya jioni, na juu ghorofani amelala mwanamume anayemwogopa.