Programu ilitetewa, daftari likabaki: je, tusomee ubunifu wa kidijitali?

Kila mwisho wa mwaka wa masomo hapa Lubumbashi, Kongo, wanafunzi wa informatiki husimama mbele ya juri kutetea kazi zinazofanana kama mapacha. Huyu ameunda mfumo wa kusimamia wagonjwa wa kliniki, yule wa kusimamia bohari, mwingine wa kusimamia minervali, yaani ada ya shule. Michoro ya Merise, ile mbinu ya kupanga data, imepangika, programu inafunguka, maprofesa wanauliza maswali mawili matatu. Halafu ni vigelegele, na mtoto wa watu anamwagiwa poda kichwani. Nimekaa katika juri hizo miaka kadhaa nikiwa asistenti. Swali moja karibu sijalisikia likiulizwa: ile shule, ile kliniki, inaitumia programu hiyo mpaka leo?

Naliuliza sasa kwa sababu milango imefunguka. Tangu mfumo wa LMD (lisansi, masta, daktora) ulipoenezwa nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2 za zamani zinapisha lisansi ya miaka 3 na masta ya miaka 2. Idara zinatafuta masta mpya za kufungua, na pendekezo mojawapo linalozungumzwa kati yetu ni masta ya ubunifu wa kidijitali katika taasisi. Wapo wanaoitaka sana. Wapo wanaoiona ni anasa.

Kwanza tuelewane inasomea nini. Si kuandika programu. Inasomea kinachotokea ndani ya taasisi baada ya programu kuingia: kazi ya nani inabadilika, nani anapoteza mamlaka, chombo kinageuzwaje na wanaokitumia. M-Pesa ni mfano ambao kila mtu anaujua. Jaribio lake la mwaka 2005 nchini Kenya lililenga watu warudishe mikopo midogo kwa simu. Wao wakaitumia kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe, na hiyo ndiyo huduma iliyozinduliwa mwaka 2007. Ilipofika Kongo mwaka 2012 ilikuta nchi inayoishi na fedha mbili, na leo mteja ana akaunti ya faranga na akaunti ya dola katika simu moja. Teknolojia ni ileile, lakini mahali pameibadilisha.

Wanaopinga wana hoja nzito, na sitaki kuzipunguza uzito. Mwenzangu anayefundisha mitandao huniambia: kijana wa hapa akitoka chuoni anaulizwa kama anaweza kusimamisha seva, kutengeneza hifadhidata, kulinda mtandao wa kampuni. Hakuna anayemuuliza nadharia ya taasisi. Umempa miaka miwili ya kusoma makala, tena nyingi za Kiingereza, wakati masomo yenyewe ni ya Kifaransa na watu atakaowachunguza wanafanya kazi kwa Kiswahili. Mega za intaneti anazinunua mwenyewe, kidogokidogo. Umeme ukikatika jioni, usomaji wa siku umeisha. Na makala hizo zimetungwa kwa kutazama kampuni za Ulaya na Marekani, ambako umeme haukatiki na mshahara unafika tarehe yake.

Hatari nyingine anaitaja mara chache, ila mimi ndiyo inayonitisha zaidi: kuzalisha wasemaji. Mtu ana masta, anazungumza juu ya mageuzi ya kidijitali kwenye kila semina, lakini hawezi kusoma jedwali moja la data. Taasisi zetu haziwezi kulisha watu wa namna hiyo.

Hata hivyo naona hoja ya mwenzangu inaishia pale tatizo linapoanzia. Mafundi tunao, na wazuri. Kinachokosekana ni mtu anayejua kwa nini kazi ya fundi inaachwa.

Tukio la kitaifa linaonyesha jambo hilo vizuri. Mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki. Kabla ya hapo mishahara ilisafiri taslimu, ikipitia mikononi mwa wahasibu, na kila mkono ulijua njia ya kupunguza. Kwa upande wa mashine, kazi ilikuwa rahisi: orodha, akaunti, malipo. Lakini benki hazikuwa na matawi vijijini. Mwalimu wa mbali alijikuta anatumia siku za kazi na sehemu ya mshahara barabarani ili aufikie mshahara wenyewe, mpaka Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, ikapewa jukumu la kuwapelekea walimu fedha kule ambako benki hazifiki. Jibu la tatizo hilo halimo katika kitabu cha programu. Linapatikana kwa kujua taasisi inavyopumua.

Na tusidhani ni ugonjwa wa Kongo peke yake. Mwaka 1992 mtafiti Wanda Orlikowski alichapisha uchunguzi wa kampuni kubwa ya ushauri iliyokuwa imenunua Lotus Notes, programu ya kushirikiana kazini, ili wafanyakazi wagawane maarifa. Hawakugawana. Saa za kujifunza programu hazikuwa na mteja wa kuzilipia, na mtu alipanda cheo kwa kuwazidi wenzake. Kwa nini basi amkabidhi mwenzake ujuzi wake? Nikiusoma uchunguzi huo naziona ofisi za hapa mjini, ninazozijua kwa majina.

Mwaka jana niliingia katika ofisi ya shule moja ya Katuba. Miaka miwili nyuma, mwanafunzi wetu alikuwa amewatengenezea programu ya minervali, na tulimpa alama nzuri sana. Kompyuta ilikuwepo, imefunikwa kitambaa. Mama anayepokea fedha alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na ndani yake amechora kwa bik nyekundu safu mbili ambazo hazimo katika programu. Ya kwanza inaonyesha kama mzazi ameleta faranga au dola, na dola ilikuwa faranga ngapi siku hiyo. Ya pili inaonyesha nani kaleta: mjomba, parokia, dada aliye Kolwezi. Programu iligeuza kila kitu kuwa faranga kwa kiwango kimoja kilichowekwa siku ya utetezi. Kiwango kilipopanda, deni la mzazi aliyelipa dola likaonekana kubwa kuliko lilivyo, na zogo likamwangukia Mama, si mwanafunzi wala sisi wa juri.

Nilimuuliza kama yule kijana alipokuja aliongea naye. «Aliongea na prefe,» akanijibu, yaani mkuu wa shule. «Mimi alinisalimia.»

Siku hiyo niliacha kusitasita. Daftari lile halikubaki kwa sababu Mama anaogopa kompyuta. Simu yake anaitumia kutuma fedha kila wiki. Lilibaki kwa sababu linajua mambo ambayo programu haiyajui. Kuna pia kumbukumbu ndefu ya mji huu. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, na katikati ya miaka ya 1990 haikufikisha tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mji uliopitia hayo hauamini ahadi tupu; unajua thamani ya karatasi yenye muhuri. Sheria ya kidijitali ya Machi 2023 inaitambua saini ya kielektroniki, lakini nenda ofisini nayo uone kama hawatakuuliza muhuri uko wapi. Mwanafunzi wa masta anapaswa kulieleza hilo kwa uzito, asiliite ujinga.

Kwa hiyo nakubali masta hiyo ifunguliwe, ila si kwa namna yoyote. Anayeingia awe na msingi wa informatiki au wa usimamizi unaoonekana kwa vitendo, na hapo mwenzangu wa mitandao ana haki yote. Mwaka wa pili usiwe wa darasani: mwanafunzi akae miezi katika taasisi moja, sokoni, hospitalini, kwenye kooperativa ya wachimbaji, na tasnifu yake ieleze kilichotokea baada ya chombo kuingia, hata kama kilishindwa. Hasa kama kilishindwa. Mahojiano ayafanye kwa Kiswahili, na maneno ya watu yaingie katika tasnifu jinsi walivyoyasema, kabla hayajavalishwa Kifaransa.

Mwezi uliopita nilirudi Katuba na wanafunzi wawili. Niliwakataza kuigusa kompyuta. Mmoja alivuta benchi akakaa kando ya Mama, akamwomba amweleze ile safu nyekundu ya kwanza. Saa moja baadaye walikuwa bado hawajafika ya pili.