Mpwa wangu ameniuliza kama digrii inalipa

Januari 2022, nikiwa nyumbani Tanzania, nilipokea mshahara wangu wa kwanza wa ajira, mwalimu wa sekondari ya binafsi, digrii mkononi na miaka miwili ya kujitolea nyuma yangu. Juu ya karatasi paliandikwa shilingi 400,000. Chini yake makato yakajipanga: mfuko wa hifadhi ya jamii 40,000, kodi 7,200, Bodi ya Mikopo, iliyonikopesha nikiwa chuo kikuu, 60,000. Kilichobaki ni 292,800. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya mlango wa mhasibu, nikaikunja na kuitia mfukoni mwa shati, halafu nikaitoa tena kabla sijafika hata kwenye geti.

Karatasi hiyo bado ninayo. Ipo kwenye faili moja na cheti cha chuo, hapa Ujerumani, ninakosomea uuguzi. Mwezi uliopita niliitoa tena kwa sababu mpwa wangu, ambaye amemaliza kidato cha sita, alinitumia ujumbe wa sauti. "Mjomba shikamoo. Hivi digrii inalipa kweli? Maana wewe unayo, na bado umeenda kuanza moja huko."

Nilichelewa kumjibu karibu wiki nzima. Hili ndilo jibu, na nimeona niliandike hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Huku nilipo kuna njia wanayoiita Ausbildung. Kijana anasaini mkataba na mwajiri kwanza, kisha anasoma. Siku kadhaa au majuma kadhaa yuko darasani, yanayofuata yuko kazini, na kwa kawaida hiyo inachukua miaka mitatu. Wakati wote huo analipwa. Kwa aliyeanza 2025 sheria inataka mwajiri amlipe angalau yuro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Sisi wa uuguzi tunapata zaidi: katika hospitali za umma mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaanzia zaidi ya yuro 1,300 kabla ya makato. Fani zinazosomwa hivi ni zaidi ya 300, kuanzia fundi umeme na mwoka mikate hadi karani wa benki.

Darasani kwetu kuna binti wa miaka kumi na minane. Siku moja wakati wa mapumziko alinionyesha karatasi yake ya mshahara kwenye simu, amekasirika kwa sababu kulikuwa na kosa la kodi na alikuwa amepungukiwa. Nilimsaidia kusoma mistari yote. Pensheni ipo, bima ya afya ipo, bima ya kukosa kazi ipo. Nilichokuwa nakitafuta mimi, bila hata kukusudia, ni mstari wa deni la masomo. Haukuwepo. Binti yule ana miaka kumi na minane, anajifunza kazi, analipwa, na hadaiwi na mtu yeyote. Niliinuka nikaenda dirishani nikasimama kidogo.

Sitaki mtu asome hapa akadhani huku ni kula maisha. Chumba kinameza karibu nusu ya pesa ninayopata. Zamu ya usiku inachosha mwili na akili, na kumwogesha mzee anayekufokea kwa lahaja ambayo hukufundishwa popote kunahitaji moyo. Nilisoma Kijerumani hadi B2, ngazi ya nne kati ya sita, kabla ya kupanda ndege, na bado miezi ya mwanzo nilikuwa naitikia vitu ambavyo sikuvielewa. Tena aliyesoma chuo kikuu huku kwa kawaida anaishia kupata zaidi ya aliyesoma fani. Digrii inalipa Ujerumani pia. Tofauti iko kwenye nani anabeba mzigo wakati kijana bado anasoma, na nani anaumia mambo yasipoenda sawa.

Mimi nilibebwa hivi. Bodi ilinipa mkopo, lakini haikulipa ada yote. Sehemu iliyobaki mama aliikopa kwenye kikoba, kila mwaka, kwa miaka mitatu. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya Bodi, likitoka, nusu ilikuwa inakwenda kulipa madeni ya chumba na ya chakula, na kuna muhula nilimrudishia mama kiasi ili asiaibike mbele ya wenzake wa kikoba. Nilipomaliza, serikali haikuwa inaajiri kwa wingi, nikaenda kujitolea shule ya kata. Wazazi walichangishana wakanipa elfu themanini kwa mwezi. Wakati huohuo kila tangazo la kazi lilidai uzoefu wa miaka mitatu. Nani alitakiwa anipe huo uzoefu? Chuo kilishachukua ada yake. Mwajiri anasubiri niive kwa gharama za mtu mwingine. Huyo mtu mwingine alikuwa mama yangu.

Hapa ndipo napishana na wanaosema vijana waache kusoma. Najua wanakotoka. Sote tunakumbuka Juni 2014, watu zaidi ya 10,000 wamejaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Nilikuwa sekondari, nikaiona picha ile gazetini, na bado nikaenda chuo, kwa sababu hakuna aliyenionyesha mlango mwingine uliokuwa wazi. Ukimwambia kijana "achana na digrii, kajiajiri", umemhamishia mzigo uleule bila hata cheti. Mtaji wa kujiajiri nao si utatoka kikoba kilekile?

Na digrii yangu haikupotea yote. Nilijua namna ya kusoma kitu kigumu peke yangu, na bila hilo Kijerumani kingenishinda. Nikimweleza mgonjwa jinsi ya kumeza dawa zake, ninafundisha, na wauguzi wakubwa wameshaniambia kwamba naeleza vizuri. Lakini kilichonifungulia mlango wa mafunzo haya ni cheti cha sekondari kilichotambuliwa, pamoja na lugha. Digrii hawakuihitaji. Kukubali jambo hilo kulinichukua muda, nisiseme uongo.

Tukirudi kwenye mkopo wenyewe. Kabla ya sheria kubadilishwa 2016, makato ya Bodi yalikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Yakapanda hadi 15. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ilifanya deni livimbe hata kwa mtu asiye na kazi. Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021, na kwa hilo nashukuru kwa dhati, maana ningekuwa naandika haya kwa uchungu mwingine. Lakini asilimia 15 ni ileile kwa anayelipwa laki nne na kwa anayelipwa milioni nne. Yule wa laki nne imemkata kwenye unga na kodi ya chumba.

Ujerumani mwanafunzi wa chuo kikuu anayetoka familia isiyo na uwezo hupata msaada wa serikali uitwao BAföG. Nusu yake ni ruzuku, nusu ni mkopo usio na riba, na hata akiwa amechukua kiasi gani, hatarudisha zaidi ya yuro 10,010. Anaanza kurejesha miaka mitano baada ya muda wake wa msaada kuisha, na kipato kikiwa kidogo anaruhusiwa kusubiri. Vyuo vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada. Ni nchi tajiri, najua, na sisi hatuwezi kunakili kila kitu kesho asubuhi. Ila kuweka kiwango cha makato kinachopanda kulingana na mshahara hakuhitaji utajiri. Kunahitaji kukaa na kuandika upya kifungu kimoja.

Jambo la pili lingehitaji kazi zaidi, na ndilo ninalolitamani kuliko yote. Tuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tangu sheria ya 1994. Tuna sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, yenye mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi. Tuna hata neno letu zuri, uanagenzi, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini. Tusichokuwa nacho kwa wingi ni mwajiri anayemchukua kijana kwa mkataba, akamlipa kidogo, akamfundisha kwa miaka mitatu, akijua anajitengenezea mfanyakazi. Gereji za mitaani zinafanya hivyo kwa namna yake: kijana anaosha spana mwaka mzima, anaambulia hela ya kula, na akijua kazi hana karatasi. Upande wa pili kijana wa chuo cha ufundi ana karatasi na hajawahi kuachiwa injini ya mteja. Hao wawili wangekuwa mtu mmoja, ungeona watu wakiacha kugombania digrii bila kuhimizwa na mtu.

Basi mpwa wangu, nimekujibu hivi kwenye simu na narudia. Ukipata kozi ambayo mwishoni ina leseni na kazi inayoeleweka, na Bodi ikakulipia ada yote au karibu yote, nenda kasome kwa nguvu zako zote, na mimi nitakupa hela ya kuanzia. Ukipangiwa kozi kwa sababu tu alama zimeangukia hapo, na pengo la ada linamrudisha bibi yako kwenye kikoba, usiende. Chukua stashahada ya umeme uliyokuwa unaizungumzia, fanya kazi, na ukimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi mlango wa digrii bado uko wazi kwako, safari hii ukiwa na mshahara wako mwenyewe. Huku Ujerumani fundi aliyefikia ngazi ya Meister, yaani fundi bingwa, anawekwa daraja moja na mwenye digrii ya kwanza kwenye mfumo wa taifa wa sifa za kitaaluma. Sioni aibu iko wapi.

Bibi yako ameniambia yeye yuko tayari kukopa tena. Nimemwomba asifanye hivyo, na tumebishana kwa simu hadi salio likaisha.

Mimi bado nalipa. Kila mwisho wa mwezi natuma hela nyumbani, kaka anachukua namba ya malipo anapeleka Bodi, kisha ananitumia picha ya risiti. Ya mwezi huu imefika jana usiku nikiwa zamu, nikaifungua korido, nikaiweka pamoja na nyingine.